Sufuria ya Mwalimu Telesfori

Baada ya miaka ishirini na tisa ya kufundisha, Mwalimu Telesfori Ndassa anastaafu leo, tarehe 30 Juni 2006. Alianza kazi hapa Ngara kama mwalimu wa sanaa mwenye chaki za rangi. Anaondoka akiwa msimamizi wa chumba cha kompyuta chenye mashine sita, mbili zikiwa haziwaki.

Mwaka 1994, watu walipofurika kambi ya Benaco, aliombwa kuchora mabango ya kuwahimiza wakimbizi wachemshe maji ya kunywa. Mvua iliyafuta, na kipindupindu hakikungoja achore mengine. Mwalimu huwa hasimulii zaidi ya hapo.

Kompyuta zilipoletwa shuleni, alijifundisha kutengeneza picha zinazocheza. Alichora sufuria mara kumi na mbili, akaziweka picha zote ndani ya faili moja. Haikuhitaji mtandao wala programu ya pekee. Ukiifungua kwenye kivinjari, moto unawaka, mvuke unapanda, kifuniko kinarukaruka. Wanafunzi wa kambi ya wakimbizi wa Burundi walipotutembelea walicheka sana.

"Shikamoo Mwalimu, chai tayari!" mmoja wao alisema.

"Marahaba. Majani ulete wewe."

Mwaka 2004 alipeleka picha sita za namna hiyo kwenye ofisi ya mradi uliofundisha afya kambini. Aliambatisha barua ya mkono: "Fungueni kwa kivinjari." Barua haikusomwa. Ofisa alizifungua kwa programu ya kuchorea, ambayo huonyesha picha ya kwanza tu, kisha akazihifadhi humohumo. Picha nyingine zote zikafutika. Diski zilirudi na karatasi yenye maneno mawili: "Picha hazichezi."

Mwalimu alizifungua moja moja mbele yetu. Zote zilikuwa zimetulia. Nakala za shuleni zilikuwa zimekwisha kuharibika, radi ilipopiga kompyuta aliyoitumia.

"Sufuria yangu ilichemka," alisema. "Wameizima wao." Tangu siku hiyo hakuchora tena. Hakuna aliyekuja kumwomba radhi, na katika risala za leo zilizoandikwa na wakubwa jambo hili halimo. Ndiyo maana tumeliandika sisi.

Kulikuwa na diski moja zaidi, yenye sufuria peke yake. Mwenzetu Clotilda, akiwa Kidato cha Kwanza, aliichukua bila ruhusa kwenda kuwaonyesha masista wa Rulenge, akaipoteza. Mwalimu alimpa adhabu ya kufyeka nyasi wiki nzima. Mwezi huu mama yake Clotilda ameikuta diski ndani ya kitabu cha nyimbo za kanisani.

Mwalimu hajui. Anasoma habari hii sasa, pamoja na ninyi.

Wengi waliochorewa sufuria hiyo wamekwisha kurudi Burundi bila kuiona. Hilo hatuwezi kulirekebisha. Lakini watoto bado wanazaliwa, na maji ya mtoni bado hayajawa safi.

Asante, Mwalimu, kwa chaki, kwa kompyuta, hata kwa nyasi za Clotilda. Mungu akupe siku nyingi na mkono usiotetemeka, maana tunaomba uchore tena zile tano zilizobaki.

Baada ya keki, kompyuta iliyo mezani itawashwa. Tunawaomba wageni waheshimiwa wasiiguse. Clotilda ataifungua faili mwenyewe, kwa kivinjari. Tumekwisha kuijaribu. Inachemka.

Zawadi Kombo, Kidato cha Tatu
Kwa niaba ya wanafunzi wa chumba cha kompyuta