Gari Lenye Bafu

— Laki tatu. Rambirambi gani inakuja na karatasi ya kusaini?

— Karatasi ni utaratibu tu, Fundi, — Kamanda alinijibu. — Hata mbolea ya ruzuku unasaini.

— Mbolea haijaua mtu.

— Sijasema wameua. Nimesema unasaini.

Kijiwe chetu kiko Sekei, mbele ya kibanda changu cha viatu, na benchi lenyewe ni kiti cha nyuma cha Landkruza ya watalii, mikanda bado ipo. Kamanda ni Lerionka, mlinzi wa hoteli, anayemhesabu kila mwenye sare kuwa ndugu yake. Dokta ni Bariki, muuza dawa za mifugo, ambaye hajawahi kutibu kitu kisicho na kwato. Mahakama ni mzee Yiamat, aliyewahi kuitwa shahidi kwenye kesi ya mpaka wa shamba, na tangu siku hiyo akiagiza kahawa utadhani anatoa hukumu. Anayetumiminia ni Aristides, birika mkononi, mdomo kafunga. Kiti hiki alituletea Godbless, muosha magari wa hapo chini. Alikiburuta kutoka gereji mwenyewe, akasema wazee hawawezi kukaa kwenye kreti za soda. Jumatatu ya wiki iliyopita polisi walimchukua Godbless kwa sababu kioo cha pembeni cha gari aliloosha hakikuonekana. Alitembea kwa miguu yake mpaka kwenye gari lao. Alhamisi dada yake Hanna aliitwa mochwari.

Bahasha kutoka polisi ilikuja na mjumbe wa mtaa. Aliiacha kijiweni kwa kuwa hakuwa na uso wa kumpelekea Hanna. Ndani kulikuwa na hiyo laki tatu na karatasi inayosema familia imeridhika. Hakuna aliyetaka kuishika, hivyo Dokta aliiweka katikati ya kiti akaifunga mkanda, ikakaa kama abiria.

Mimi nilikuwa na shida nyingine. Mtaani hapa nikiacha sindano ya viatu nashika kalamu, naandika historia za marehemu. Kwetu Walutheri hapa Meru mtu hazikwi kabla historia yake haijasomwa: kuzaliwa, ubatizo, kipaimara, kazi, halafu kuugua na kufariki. Ya Godbless nilikuwa nimemaliza yote isipokuwa aya ya mwisho. Maziko ni Jumamosi, Kikatiti, migombani kwa baba yao, na msomaji ni Hanna mwenyewe.

— Andika moyo, — alisema Dokta. — Si ndiyo walivyomwambia Hanna kaunta ya polisi?

— Hiyo ni siku ya kwanza. Siku ya pili afande mwingine akasema aliteleza bafuni. Jana mjumbe kaambiwa aliruka kwenye gari likiwa mwendoni.

— Basi chagua moja.

— Dokta, mimi sinunui nyanya hapa.

Mahakama alikohoa. Akikohoa hivyo ujue joho limeshavaliwa.

— Hakuna haja ya kuchagua, — alisema. — Yote matatu yanaweza kuwa kweli. Kazi yetu ni kuyapanga.

— Yapange basi, mzee.

— Dokta, anza na moyo.

— Moyo uko wazi, — alisema Dokta. — Ndama ukimkamata ghafla moyo unapanda. Ukipanda anaruka. Nimeona mara nyingi Olasiti. Sasa chalii kakamatwa, moyo umepanda, karuka kutoka kwenye gari.

— Na bafuni kateleza saa ngapi?

— Wakati anatua.

— Aisee, katoka kwenye gari akatua bafuni?

— Dirisha la bafu lilikuwa wazi.

— Acheni kumchafua askari, — Kamanda aliingilia, akajifunga mkanda. Huwa anajifunga akianza kukasirika. — Hakuna cha dirisha. Bafu linaweza kuwa ndani ya gari. Hotelini kwetu walikuja wazungu na lori lina choo, lina jiko, lina bafu la maji moto.

— Gari lililomchukua Godbless nililiona kwa macho yangu. Lilikuwa Landkruza, kama lililotoa hiki kiti ulichokalia.

— Hilo ni la kumchukulia. La kumsafirishia huenda ni lingine.

— Kumsafirisha kwenda wapi kwenye gari lenye bafu?

— Kuoga, — alisema Mahakama. — Mahabusu ana haki ya kuoga.

— Sasa gari linatembea la nini, mtu anaoga?

— Maji ni ya mgao, Fundi. Lazima gari liyafuate yalipo.

Nilitupa kiatu cha mteja chini. Sijasoma shule ya kujivunia, nilichonacho nimejifunza kwa kuuliza na kukosea, lakini mtu akiniuzia mchanga nikiwa nimeomba sukari naujua.

— Nisikilizeni, — nilisema. — Ndala za Godbless nilikuwa nazishona mimi. Zilikuwa zimeisha mpaka unaona barabara. Na alitembea nazo juu ya povu kutwa nzima, ana ndoo huku na huku, anapiga mluzi. Sijawahi kumwona ameanguka. Mtu huyo anateleza wapi?

Dokta alikuna kidevu. Nikadhani nimewapata.

— Ndiyo sababu yenyewe, — Dokta alisema. — Miguu yake ilizoea povu. Ikakuta pakavu.

— Kateleza kwa sababu ni pakavu?

— Ng'ombe wa kwenye tope ukimpeleka kwenye saruji kavu anaanguka. Muulize mfugaji yeyote.

— Sasa bafu kavu ni bafu gani?

— Si tumesema maji ya mgao? — Mahakama alisema, na kwa kweli alionekana ameridhika. — Mnaona linavyojifunga lenyewe. Andika.

Akanisomea, nami kwa hasira nikaandika neno kwa neno: "Marehemu alishikwa na moyo akiwa anaogeshwa ndani ya gari lililokuwa linafuata maji, akaruka, akateleza mahali pakavu, akafariki kwa amani."

Nikawasomea kwa sauti. Nilitegemea wacheke, maana mimi nilishakuwa tayari kuwatukana wakicheka. Hakuna aliyecheka. Kamanda alitikisa kichwa kukubali, halafu katikati ya kutikisa akaacha. Aristides alikuwa ameinua birika, hamimini.

Nyuma yangu sauti ikasema:

— Shikamoo mzee Yiamat.

— Marahaba, mama Nancy. Pole. Pole sana.

Alikuwa Hanna, khanga mbili kiunoni, vumbi la Kikatiti bado liko kwenye viatu. Alitupa pole na sisi, kama vile wafiwa ni sisi. Akaniambia amefuata historia kwa sababu mchungaji anataka kuiona kabla.

Nilitaka kuikunja. Alishaishika.

Alisoma amesimama, midomo ikitembea. Kwenye kipaimara alitabasamu kidogo, kwa sababu niliandika kwamba Godbless alisahau kanuni ya imani akaimba wimbo badala yake. Akafika chini. Dokta akaangalia ndani ya kikombe chake. Mahakama akaangalia mlima, na mlima ulikuwa umejifunika mawingu.

Alipomaliza hakuguna wala hakutukana. Heri angetukana.

— Fundi, ya mama ni wewe uliiandika.

— Ni mimi, mama Nancy.

— Uliandika, aliuguzwa na binti yake Hanna mpaka alipofariki.

— Ndiyo.

— Na ya baba uliandika kwamba Godbless alikuwa amemshika mkono.

— Ndiyo. Lazima aandikwe aliyekuwepo. Ndiyo kawaida yetu.

— Hapa hujamwandika.

Niliinama kuokota kiatu cha mteja.

— Nimekubali gari, — alisema Hanna. — Nimekubali lina bafu. Sasa humo ndani, nani alikuwa na mdogo wangu?

Nilimwangalia Dokta. Dokta akamwangalia Mahakama. Mahakama akamgeukia Kamanda, na Kamanda akawa anatafuta kitufe cha mkanda wake afunguke, asikione. Aristides aliinamisha birika juu ya kikombe changu. Lilitoa tone moja na masimbi ya kahawa.

Hanna akaiona bahasha pale katikati. Alifungua mkanda kwa mkono mmoja, akatoa karatasi, akaisoma yote mpaka kwenye mstari wa sahihi. Akairudisha pamoja na fedha, akaziba, akaiweka kwenye mapaja ya Kamanda.

— Kaka Lerionka, wewe unawajua wenye sare. Wapelekee.

— Mama Nancy, mimi nalinda geti la hoteli tu.

— Wapelekee hivyo hivyo. Waambie Jumamosi kaburi halichimbwi.

— Wakiniuliza unataka nini?

— Mdogo wangu hakuchukuliwa na gari. Alichukuliwa na watu. Nataka majina.