Barzilai, Wala Si Brazil

Kabla ya yote, familia inaomba radhi kwa jina lililo kwenye jalada la ratiba hii. Mpiga chapa aliandikiwa kwa herufi kubwa, akasomewa mara mbili, kisha akachapisha "Basil". Tunayemzika leo ni Mzee Barzilai Kipkurui arap Tonui.

Alizaliwa Kiptere mwaka wa 1931, mtoto wa tatu wa marehemu Kiptonui na marehemu Taprandich. Alianza shule ya kanisa mwaka wa 1942. Katika darasa la ubatizo alikuwa amechagua kuitwa Daudi, lakini wiki hiyo Daudi mmoja aliiba miwa ya mwalimu, na Daudi wote wanne wakachapwa. Kipkurui akafungua Biblia akatafuta jina ambalo hakuna aliyelitaka. Akampata Barzilai, yule mzee wa Gileadi aliyempelekea mfalme Daudi vitanda, unga, kunde na asali mfalme huyo alipokuwa akimkimbia mwanawe. Mchungaji alimweleza kwamba ni jina la Kiebrania, maana yake chuma.

"Utaliweza?"

"Nitaliweza."

Hakujua alichojitwika. Ulimi wa kwetu hauoni tofauti kubwa kati ya b na p, kwa hiyo mama yake alimwita Parsilai mpaka akafa. Cheti cha shule kiliandikwa Basilai. Kitambulisho kikaandikwa Brazil, na mwaka wa 1994, nchi hiyo iliposhinda Kombe la Dunia, vijana wa Litein walimpongeza hadi akaacha kwenda sokoni mwezi mzima.

Kuanzia 1961 hadi 1989 alikuwa karani wa kituo cha kununulia majani chai. Hakuandika jina la mkulima bila kumwomba alitaje herufi kwa herufi. Foleni ilifika barabarani. "Andika tu, karani, majani yananyauka!" walimlalamikia. Hakuharakisha hata siku moja.

Alimwoa Mama Sally tarehe 14 Desemba 1957. Mchungaji mgeni aliposoma "Basilio", bwana harusi alisimamisha ibada. "Huyo Basilio akaoe kwao," alisema. Mama Sally, shela usoni, alimnong'oneza, "Kubali tu tuoane, jina tutatengeneza nyumbani." Bwana harusi alingoja mpaka mchungaji akalisema sawasawa, mara ya nne.

Mwaka wa 1979 alimwuzia nusu ekari rafiki yake Mosoti, aliyekuja kutoka Kisii kufanya kazi katika mashamba ya chai. Hawakuandikiana. Wakati wa mapigano ya kikabila ya 1992, Mosoti na jamaa yake walijificha kwa marehemu siku kumi na moja. Mambo yalipotulia, marehemu aliapa kwamba rafiki yake hatakaa tena pale bila karatasi. Lakini hati ya shamba ilisema Barzilai, kitambulisho kilisema Brazil, na ofisi ya ardhi haikuwajua hao watu wawili. Alienda ofisi hiyo ya Kericho miaka minne.

"Mzee, apa tu kwamba Brazil ni wewe," karani wa ardhi alimshauri.

"Niape kwamba mimi ni nchi?"

Alirudi nyumbani akitweta kwa hasira. Mama Sally naye alikuwa amechoka. "Hilo jina lako la chuma," alimwambia, "litamzika Mosoti bila shamba." Siku mbili marehemu hakula vizuri. Siku ya tatu, tarehe 6 Novemba 1997, alivaa koti, akaenda mbele ya wakili akainua mkono, akaapa kwamba Brazil, Basilai na Parsilai wote ni yeye. Mosoti alipata hati yake Machi mwaka huu.

Ugonjwa wa sukari, aliokuwa nao tangu 1990, ulimzidi mwezi wa Julai. Hospitalini muuguzi aliita, "Brazil!" Marehemu akajibu, "Niko." Hakumsahihisha. Hapo ndipo Mama Sally alipogeuka ukutani akalia. Marehemu aliaga dunia nyumbani, Jumapili tarehe 16 Agosti 1998, saa nne asubuhi.

Ameacha mjane, Mama Sally. Watoto Johana, Phyllis na Nelvine. Wajukuu kumi na mmoja. Na Mosoti, ambaye familia imeomba aandikwe hapa. Hakuna mjukuu aliyerithi jina lake. Nelvine alipojifungua mvulana alimwomba ruhusa ya kumpa, naye akakataa. "Mwacheni mtoto apumzike," alisema.

Na yeye sasa apumzike, katika amani ya Mungu.