Potasiamu ya Mama Inashuka

Klementina: Haloo? Kaka Alphonce, ni wewe?

Alphonce: Ndimi. Nani— Klementina? Sema kwa nguvu, mtandao wa huku Kaengesa unakatakata.

Klementina: Shikamoo, kaka.

Alphonce: Marahaba. Mama?

Klementina: Bado yuko wodi ya mahututi. Shingo haibebi kichwa. Mapigo ya moyo yanarukaruka. Nimechoka, kaka. Nimechoka kabisa.

Alphonce: Si walisema ni hiyo... nini ya damu—

Klementina: Potasiamu. Chumvi ya mwilini. Imeshuka mno, ndiyo inayousumbua moyo.

Alphonce: Basi waiongeze! Dripu waifungulie yote iingie haraka!

Klementina: Ikikimbizwa inaua, moyo unasimama palepale. Inaingia kidogo kidogo, nesi habanduki kitandani. Jana ikapanda, tukamshukuru Mungu. Leo imeshuka tena.

Alphonce: Imeshukaje na dawa inaingia?

Klementina: Ndicho anachouliza daktari! Mama anaharisha, kaka, yote inatokea huko. Wao wanajaza, yeye anavuja. Daktari anasema kuna kitu kinamwendesha. Kaniuliza kama tumempa dawa ya kienyeji.

Alphonce: Ya kienyeji...

Klementina: Haloo?

Alphonce: Nipo. Ukamjibuje?

Klementina: Nimemwapia hapana! Mbele ya manesi wote.

Alphonce: Klementina... watu huku wanasema mama kalishwa kitu. Pale msibani alikokula kabla hajaugua—

Klementina: Usinianzie hayo.

Alphonce: —na kitu cha kulishwa hakitoki kwa dripu. Kuna mzee mmoja kule Mpui, mizizi yake inasafisha tumbo lote—

Klementina: Kaka. Ulimpa?

Alphonce: Kabla hatujampeleka hospitali. Kidogo tu.

Klementina: Kidogo. Na huku je? Maana huku hali kitu isipokuwa uji wa ulezi anaoleta mkeo.

(Mtandao unakwaruza.)

Klementina: Nimekuuliza, kaka!

Alphonce: Jenifa kashafika leo?

Klementina: Kafika sasa hivi. Chupa nimempa nesi kwa mkono wangu mwenyewe, yuko ndani anammiminia kwenye mpira wa kulishia—

Alphonce: Asimpe!

Klementina: Unasema?

Alphonce: Uji asimpe! Una ile dawa! Kimbia, Klementina, ki—

Klementina: Nesi! Nesi, ngoja, usimimine! Jamani, nifungulieni mlango! Mama yangu—

Alphonce: Haloo? Klementina? (Simu iko wazi, nyayo zinasikika zikikimbia.) Jenifa hajui kitu, usimgombeze. Niliyetia ni mimi, kila siku, kabla hajaondoka na chupa. Unanisikia? Nilitaka kimtoke tu, mama apone. Haloo? Klementina, mdogo wangu... nitukane basi. Nitukane, lakini ongea.