Fundi Manase Shemhina na Hondohondo Wake

Kwa miezi mitano sasa Nguvumali haijasikia patasi ya Fundi Manase. Majirani waliokuwa wakiamka kwa mlio wake wamelazimika kununua saa.

Marehemu Manase Shemhina alizaliwa tarehe 14 Machi 1901, Bumbuli, Usambara. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne, kisha akajifunza useremala hapohapo. Mwaka 1923 aliajiriwa kuwa seremala katika shamba la mkonge huko Mwera, Pangani.

Tarehe 22 Oktoba 1927 alifunga ndoa na Ruthi, binti wa kutoka Mlalo, hukohuko Usambara. Walihamia Nguvumali, hapa Tanga, mwaka 1934, na Manase akafungua karakana yake. Ruthi, mtu wa milimani, hakujua kukuna nazi. Jirani yao, Bi Semeni, akamfundisha, na Manase akamchongea mkewe mbuzi ya kukunia. Kwa kuwa Ruthi alikuwa akililia kwao, alichonga nyuma ya ubao hondohondo, yule ndege wa misitu ya Usambara, amegeuza shingo kama aliyeitwa.

"Haya makubwa!" Bi Semeni alisema alipoiona. "Mbuzi kuzaa ndege! Fundi, na mimi nichongee, nisije nikaiba hii."

Baada ya Bi Semeni wakaja wengine, na kwa miaka ishirini hondohondo wa Manase alikaa jikoni kutoka Pangani hadi Horohoro.

Mwaka 1956 Bwana Sadalla, mwenye duka mjini, alianza kuuza mbuzi zenye ndege yuleyule, shingo ileile. Manase alivumilia, mpaka mteja mmoja alipomwuliza, "Fundi, siku hizi unamwiga Sadalla?" Siku hiyo hakula. Kuitwa mwizi wa kazi yake mwenyewe kulimchoma kuliko kupoteza wateja. Akaenda mahakamani.

Kesi ilisikilizwa Agosti 1957. Wakili wa Sadalla aliinua mbuzi juu.

"Fundi, ndege huyu akikatwa, nazi haikuniki?"

"Inakunika, bwana."

"Basi ana kazi gani?"

"Kwenye kukuna, hana."

Watu waliguna. Ruthi aliinamisha uso, akijua mumewe amejimaliza. Lakini Manase hakuwa amemaliza.

"Kukuna nazi sikubuni mimi," alisema. "Ubao na chuma ni vya watu wote, Bwana Sadalla atengeneze hata elfu. Huyo ndege asiye na kazi ndiye niliyemtoa kichwani mwangu. Namdai yeye peke yake."

Hakimu alikubali. Sadalla aliruhusiwa kuendelea kuuza mbuzi, ila ndege amwondoe.

Nje Sadalla alimlalamikia, "Mzee Manase, umeniachia ubao mtupu."

"Si una mafundi? Wachonge wa kwao."

Mwezi uliofuata duka la Sadalla lilikuwa na mbuzi zenye jogoo. Manase alikwenda kuzitazama, akazigeuza huku na huku, akasema, "Jogoo mzuri, ila miguu ya kuku mgonjwa." Sadalla alicheka mpaka akamwagizia kahawa.

Juni mwaka huu Manase alianza kuugua kifua. Alitibiwa hapa Tanga, akapata nafuu, kisha hali ikabadilika. Wiki yake ya mwisho alimwita mwanawe Abrahamu, ambaye naye ni seremala, akamwambia, "Ubao chonga utakavyo. Hondohondo mwombe mama yako. Ni wake." Alifariki nyumbani Jumamosi, tarehe 7 Novemba 1959, saa kumi na moja alfajiri.

Jana Abrahamu aliomba, na Mama Ruthi amekubali.

Marehemu ameacha mjane, Ruthi, watoto wawili, Abrahamu na Bertha, wajukuu watano, na dada mmoja aliyeko Bumbuli. Bwana ampe pumziko la amani.

Amezikwa leo, Jumatatu, tarehe 9 Novemba 1959, katika makaburi ya Wakristo, Tanga, safu ya pili upande wa mashariki.