Hedi Niliyoikataa

Mwakeye, mmeamkaje, mama zangu, na sifa zimwendee aliyenifikisha kwenye kikundi hiki nikiwa bado na akili zangu. Niacheni nisimame. Tangu yale mambo, kiti kinanichoma.

Mnajua kazi yangu pale ufukweni Kibirizi. Injini ikichemka sana, silinda hedi, ule mfuniko wake wa juu, inapinda. Mimi nausugua uso wake mpaka ulale sawa. Mashine sina. Nina kioo kinene, natandika msasa juu yake, nasugua hedi kwa mkono, nageuza, nasugua tena. Marehemu mume wangu alinifundisha, na alipokufa kioo hicho ndicho kikawa mume. Chekeni tu, ndicho kilichotulisha.

Basi shemeji yangu Jonasi, mdogo wa marehemu, fundi wa kufunga injini za maboti, na namtaja wazi, akaniletea hedi ya boti ya Mzee Hamisi, ile ya kupeleka watu Kagunga. Nikaipaka mafuta ya taa, nikaipangusa, nikapaka unga wa chaki. Mafuta yakachuruzika kutoka ndani, ukatokea mstari katikati ya valvu mbili. Imepasuka. Nikamwambia Jonasi hii haisuguliwi, mwambie mzee atafute nyingine. Akaitikia vizuri kabisa, akaibeba.

Nikaenda msibani Katonga. Ndugu zangu, nawaambia, huku nyuma akaingia kwangu, akaziba ufa kwa gundi ya chuma, akaisugua kwenye kioo changu mpaka ikang'aa, akampelekea mzee, akasema shemeji kaipitisha. Malipo akala yeye.

Boti ikachemka katikati ya ziwa, injini ikafa, mawimbi yakaanza kuwachezea. Wavuvi ndio waliowavuta hadi ufukweni. Hakufa mtu. Lakini Mzee Hamisi alinijia mbele ya soko zima, wauza dagaa na wabeba mizigo wote wanasikia, akasema mwanamke huyu alitaka kuniulia watu. Nikasema niliikataa. Nani angenisikia? Jonasi alikuwepo. Akatazama viatu vyake.

Hedi hazikuja tena. Nikauza mihogo ya kuchemsha, nayo wengine wakaikwepa, eti mkono wangu una mkosi. Nikawa mtu wa kutembea tu. Kibirizi, mjini, Ujiji, narudi, sijui nafuata nini. Mama mkwe akaniita, akasema nikiendelea kumtaja mwanawe nitoke kwenye nyumba ya marehemu. Naye namtaja, maana alijua. Nilitoka. Mpaka leo napanga chumba Ujiji.

Halafu akaja Mama Evelina, huyu muuza dagaa, mmoja wa wale waliokimbia Burundi wakabaki huku. Alikuwa kwenye ile boti. Nikajua amekuja kunitukana. Akasema, "Dada, mimi nilikuwamo. Nataka kukiona kilichotaka kuniua."

Akanishika mkono mpaka kwa Mzee Hamisi. Mzee akanuna, lakini hedi alikuwa nayo stoo. Mama Evelina hakuondoka mlangoni mpaka ikatoka, ikaletwa sokoni, pale pale nilipotukanwa. Nikaiweka kwenye jiko la mkaa. Gundi ikaanza kunuka, ikalainika, nikaikwangua kwa bisibisi. Ufa ukabaki wazi, hata asiyejua injini aliuona. Mzee akauliza nani kaweka gundi hii. Watu wakageuka, wakamtazama Jonasi, maana ndiye aliyemfungia injini.

"Shemeji," Jonasi akasema, "haya si tungeyamaliza nyumbani?"

Nikamwambia, "Boti haikuwa nyumbani, Jonasi. Ilikuwa ziwani."

Mzee Hamisi hakuniomba radhi. Baadaye alileta hedi nyingine, akaiweka chini, akasema, "Fundi, kagua." Radhi yake nimeipokea hivyo hivyo, nusu.

Mama Evelina, usijifiche kwenye kanga, asante. Nanyi mlionunua mihogo yangu wakati wengine wanazunguka, asanteni. Nililojifunza ni hili: kazi ukiikataa, ikatae masikioni mwa mwenye chombo, siyo kwa aliyetumwa. Na ukiambiwa aibu ya ndugu haitoki nje, uliza kwanza nani atapanda hiyo boti.

Mchungaji ananiambia nimsamehe Jonasi. Namwomba Mungu anisaidie, kweli naomba. Lakini bado anafunga injini pale Kibirizi, na watu bado wanapanda. Kwa hiyo kila asubuhi napita kwenye maboti nauliza, injini hii nani kafunga? Manahodha wananiona kero. Acha niwe kero.