Nguzo Tuliyoipaka Rangi

Umeme umekatika tangu jana, mtaa mzima, na benchi letu limejaa kwa sababu watu hawana kazi. Mashine za Kinyozi zimelala. Cheche, mchomeleaji wa mageti, kakunja mikono. Mimi ni fundi viatu, umeme wala siuhitaji, lakini mke wangu yuko zahanati ng'ambo ya barabara na mtoto mgongoni, anasubiri chanjo. Nesi kasema friji lisipowaka leo, chanjo zote ni za kumwaga. Na sisi hapa tunakunywa kahawa, wanaume wazima.

— Tuliza moyo, fundi, alisema Mdhibiti. Jina hilo tumempa kwa kusikiliza redio kutwa nzima na kutufafanulia sheria za umeme. Akaendelea: Nchi zetu nne zimeungana. Sheria moja, soko moja la umeme. Kampuni ya ng'ambo ya mpaka iko huru kukuuzia. Ndio ushindani huo!

— Ushindani gani, na taa hakuna? nilimuuliza.

— Kampuni mpya inauza umeme, ya zamani imebaki na nyaya. Mpya inasema kaulizeni wenye nyaya. Ya zamani inasema nyie si wateja wetu tena.

— Na wasimamizi wa umeme wa hizo nchi nne?

— Wanakutana.

— Wapi?

— Hotelini.

— Huko umeme upo? aliuliza Kinyozi.

— Kuna jenereta.

Cheche alitema mate pembeni.

— Mnadanganywa mchana kweupe! Umeme wetu unavushwa mpaka, unabadilishwa jina, tunauziwa kama wa kigeni. Jana umekwama forodhani.

— Forodha wapi! Kinyozi alidakia. Wanazima makusudi, nchi moja moja, wapime nani mvumilivu. Watakaonyamaza zaidi ndio watakaopandishiwa bei.

— Basi sisi tumekwisha, nikasema.

Nesi alikuwa anavuka barabara kuja kwetu, jasho linamtoka. Ni mgeni, kahamia mtaani juzi juzi tu.

— Shikamooni, kaka zangu. Samahani, mimi mgeni. Hapa umeme ukikatika, mnampigia nani?

Sote tuligeukia nguzo iliyo karibu na benchi. Pale palikuwa na namba ya fundi wa kampuni ya zamani, jirani yetu, aliyekuja na ngazi begani hata mvua ikinyesha. Siku tulipohamia kampuni mpya, mtaa ulimzomea mpaka akafunga virago. Cheche akaipaka nguzo rangi ya kampuni mpya, namba ikafutika.

— Nani anayo namba yake? niliuliza.

Nesi alitutazama mmoja mmoja, kisha akarudi alikotoka.

Haukupita muda, kina mama wakaanza kutoka zahanati. Mke wangu alipita mbele ya benchi bila kunitazama.

— Mtoto kachomwa?

— Hajachomwa.

— Wamesema mrudi lini?

— Waulize hao wenzako.