Dua Iliyobaki Jukwaani

Wafiwa wenzangu, papa na maman mliojaa ukumbi huu wa Koekelberg, hapa Brussels, mimi Banza, mdogo wa marehemu, nimepewa na familia kazi ya kuwasomea maisha ya kaka yangu, nami nitayasoma yote, hata yale ambayo baadhi yenu mlinishauri niyaruke.

Marehemu Nday Fidèle alizaliwa Likasi tarehe 9 Aprili 1961, akasoma shule ya msingi hapohapo na sekondari Kolwezi, akaingia jeshini mwaka 1983, akatoka mwaka 1998, baada ya kumwacha rafiki na askari mwenzake Sudi, mzaliwa wa Uvira, akiwa amejeruhiwa ng'ambo ya mto, kwa kuwa amri ilikuwa kuvuka na kukata kamba ya kivuko. Sudi alifia huko, hakuzikwa, wala hakuombewa na mtu.

Alifika Brussels mwaka 1999, akapata kazi ya kuhudumia wazee kule Uccle, na tarehe 14 Juni 2003 akafunga ndoa na Maman Pétronille, wakajaliwa mabinti wawili, Yolande na Graciella. Alikuwa mcheshi, mbishi wa kandanda, mwenye sauti nzito, na sauti hiyo ndiyo iliyomponza.

Mwaka 2011 Bwana Morita, mwalimu wa noh, yaani maigizo ya kale ya Kijapani, alimsikia akiimba kwaya, akamwingiza katika kikundi chake karibu na barabara ya Chaussée d'Ixelles, akampa kinyago cha mzimu wa askari, ambaye hupigana vita visivyokwisha huko aliko, mpaka amtokee mtawa, ataje jina lake, asimulie alivyokufa, na aombewe, ndipo aachiliwe. Desturi yao humtaka mwigizaji avae kinyago na kukaa mbele ya kioo hadi ajione kuwa ndiye mzimu. Kaka alikaa muda mrefu mno.

Tarehe 20 Oktoba 2012, ilipofika zamu ya kutaja jina, hakutaja la askari wa Kijapani, alitaja la Sudi, akausimulia mto na kamba, kisha akageuka na kutoka akiburuta nyayo, kabla mtawa hajafungua mdomo. Ukumbi ulipiga makofi. Alitueleza baadaye kwamba Sudi alikuwa Mwislamu, naye kaka hakutaka rafiki yake aombewe kwa sala isiyo yake, lakini alisahau kwamba kwa kutaja jina alikuwa amekwisha kumwita.

Tangu siku hiyo alitembea vilevile, nyumbani na kazini, nyayo haziinuki. Maradhi ya moyo yalimwanza mwaka 2015, akafariki tarehe 3 Februari 2017, akiwa ameniambia, "Mudogo wangu, Sudi iko mulangoni, donc musinizike mimi kwanza, mumuombee yeye."

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wenzake wa kazini, Bwana Morita, aliyekirudisha kinyago sandukuni na hataki kulifungua tena, na majirani wa ghorofa ya chini, waliovumilia mburuto wa nyayo juu ya dari yao, hata wiki zile ambazo kaka alikuwa hospitalini, mkewe na mabinti wakilala kwangu, na nyumba haina mtu.

Mzee Kadiri, uliyetujia kutoka msikitini, kabla jeneza halijainuliwa, tunakuomba usimame umwombee Sudi dua ya kwao, na ninyi mnaosikia kitu kwenye ngazi, tulieni, msigeuke, mwacheni aingie. Sudi, dua yako hii hapa. Kaka Nday, nawe sasa pumzika kwa amani.